Kupiga, Kuumiza na Kujeruhi: Vipengele vya Kosa la Madhara Makubwa katika Sheria ya Kenya

Mshtakiwa anapofikishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kumsababishia mwenzake madhara makubwa, swali analoulizwa ni fupi: je, ni kweli au si kweli? Jibu lake huweza kuwa fupi vilevile. "Ni kweli." Baina ya maneno hayo mawili na kifungo cha maisha hakuna masafa marefu, kwa kuwa kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kinasema kwamba mtu yeyote anayemtenda mwingine madhara makubwa kinyume cha sheria ana hatia ya kosa kuu na anaweza kufungwa maisha. Hakuna maelezo mengine katika kifungu hicho. Uzito wote umebebwa na maneno machache, na kila neno kati ya hayo ni kipengele kinachopaswa kuthibitishwa.

Makala haya yananuia kueleza vipengele hivyo na kuonyesha kwa nini vinamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama vinavyomhusu wakili. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza. Ugomvi wenyewe, aghalabu, umetokea kwa Kiswahili, Kikamba, Kidholuo au Kigiriama, na wanaousimulia mahakamani wanausimulia kwa lugha hizo. Maana ya tendo husafiri kutoka lugha moja hadi nyingine kabla ya kumfikia hakimu, na mizigo mingine huanguka njiani.

Ngazi za madhara

Katika Kiswahili cha kila siku, kuumiza, kudhuru na kujeruhi ni maneno yanayoazimana nafasi bila ugomvi. Mtu aliyeteleza akachubuka goti ameumia, na aliyevunjwa taya kwa rungu pia ameumia. Sheria haina ukarimu huo. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinapanga madhara kwa ngazi. Ngazi ya chini ni madhara kwa jumla: maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, iwe ya kudumu au ya muda tu. Ngazi ya juu ni madhara makubwa, ambayo yanajumuisha kulemaza, madhara yanayohatarisha maisha, madhara yanayoharibu afya vibaya au kwa kudumu (au yanayoelekea kuiharibu hivyo), kuumbuliwa kwa kudumu, na dhara lolote kubwa au la kudumu kwa kiungo cha nje au cha ndani, kwa utando au kwa mlango wa fahamu. Kulemaza nako kumefafanuliwa peke yake: ni kuharibu kabisa au kukifanya kiungo, utando au mlango wa fahamu usiweze kutumika tena milele.

Ufafanuzi wa jeraha ndio unaoshangaza zaidi. Kwa msemaji wa kawaida, jeraha hupimwa kwa damu au kwa ukali wa maumivu. Kisheria, jeraha ni mkato au tundu linalopasua utando wa nje wa mwili, na utando ni wa nje iwapo unaweza kuguswa bila kukata utando mwingine. Kwa hiyo sehemu ya ndani ya mdomo, ambayo hakuna mtu angeiita ya nje, ni ya nje mbele ya sheria, maana ulimi na kidole huifikia bila kisu. Kwa upande mwingine, mtu aliyepigwa mateke hadi mbavu zikavunjika bila ngozi kupasuka hana jeraha hata moja kwa maana hiyo. Ana madhara makubwa, pengine, lakini hana jeraha. Mtafsiri anayeandika "alijeruhiwa vibaya" kwa hali zote mbili ametoa habari njema ya gazeti na tafsiri mbovu ya sheria.

Tofauti hizi zina miaka ya kifungo nyuma yake. Shambulio la kawaida, katika kifungu cha 250, lina adhabu isiyozidi mwaka 1. Shambulio linalosababisha madhara halisi ya mwili, kifungu cha 251, lina adhabu isiyozidi miaka 5, na kujeruhi kinyume cha sheria, kifungu cha 237, vilevile miaka 5. Kutoka hapo hakuna ngazi ya kati: hatua inayofuata ni kifungo cha maisha.

Hali haikuwa hivi siku zote. Kabla ya mwaka 1930 koloni la Kenya lilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo haikumwachia hakimu nafasi kubwa ya kukisia. Ilitaja aina nane za dhara kubwa: kuhasiwa, kupofuliwa jicho, kuzibwa usikivu wa sikio, kupoteza kiungo au kifundo, kulemazwa kwa kiungo, kuumbuliwa uso au kichwa kwa kudumu, kuvunjika au kuteguka kwa mfupa au jino, na hatimaye dhara linalohatarisha maisha au kumtia mtu maumivu makali kwa muda wa siku 20. Aliyevunjwa jino chini ya sheria ile alijua alipo. Kanuni ya mwaka 1930 iliacha orodha na kushika maelezo ya jumla. Faida yake ni kwamba madhara ambayo mtunga sheria hakuyawazia nayo huingia. Hasara yake ni kwamba maneno kama "kubwa" na "vibaya" hubaki mikononi mwa anayeyapima.

Tendo, nia na uharamu

Mahakama za Kenya hufuata maswali matatu kila zinapopima shtaka la kifungu cha 234. Je, mlalamishi alipata madhara makubwa kweli? Je, madhara hayo yalitendwa kinyume cha sheria? Je, aliyeyatenda ni mshtakiwa huyu na si mwingine? Upande wa mashtaka hubeba mzigo wa kuthibitisha yote matatu pasipo shaka ya maana, na mshtakiwa halazimiki kuthibitisha lolote. Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 inamhesabu kuwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe.

Msomaji makini atauliza: nia iko wapi? Haimo katika maneno ya kifungu cha 234. Imo katika kifungu cha 231, ambacho kinamhusu mtu aliyekusudia kulemaza, kuumbua, kutia madhara makubwa au kuzuia kukamatwa kwa mtu kihalali, na ambaye kwa nia hiyo anajeruhi, anatia madhara makubwa, anajaribu kumpiga mtu kwa mkuki, upanga, kisu au silaha nyingine ya hatari, au anammwagia mtu tindikali. Chini ya kifungu hiki aliyerusha mkuki akakosa anaweza kupatikana na hatia sawasawa na aliyelenga shabaha, mradi nia imethibitishwa. Chini ya kifungu cha 234 hakuna kosa bila mwili uliodhurika.

Ajabu ni kwamba vifungu vyote viwili vina adhabu moja ya juu, kifungo cha maisha. Maneno yake yanafuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili, lakini Waingereza walitenga: aliyekusudia madhara makubwa anaweza kufungwa maisha, na aliyeyasababisha bila nia hiyo mahususi hawezi kufungwa zaidi ya miaka 5. Tanzania, ambayo kanuni yake ina asili moja na ya Kenya, imeweka kikomo cha miaka 7 kwa kosa linalolingana na la kifungu cha 234. Kenya peke yake katika mlinganisho huu imeupima mwili wa aliyeumizwa na kuiacha roho ya aliyeumiza ipimwe wakati wa hukumu tu. Ni uamuzi unaoweza kutetewa, lakini ni vigumu kuamini kwamba kijana aliyemsukuma mwenzake kwenye ngazi na yule aliyemvizia jirani yake gizani kwa panga wanastahili kusimama chini ya paa moja la adhabu. Afueni inapatikana katika neno moja dogo. Sheria inasema mkosaji "anaweza" kufungwa maisha, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza katika kesi ya Opoya dhidi ya Uganda, mwaka 1967, kwamba msamiati wa aina hiyo unataja kikomo na si amri. Hakimu ana hiari ya kwenda chini yake.

Nia hiyo ya kutia madhara makubwa ina kazi nyingine nzito. Kifungu cha 206 kinaihesabu kuwa mojawapo ya sura za dhamira mbaya katika kosa la mauaji. Kwa hiyo mtu aliyekusudia kumvunja mwenzake miguu tu, na mwenzake akafa, hawezi kujiokoa kwa kusema hakutaka kuua. Kinachotenganisha kesi mbili, nyakati nyingine, ni ustadi wa daktari wa zamu.

Neno "kinyume cha sheria" ndilo linaloonekana jepesi na kumbe ndilo lenye mashimo. Si kila madhara ni haramu. Daktari mpasuaji hukata utando wa nje na wa ndani kila siku, na kifungu cha 240 humkinga akifanya kazi kwa nia njema na kwa uangalifu wa kutosha. Kifungu cha 9 kinamwondolea lawama mtu ambaye tendo lilitokea bila hiari yake au tukio lilikuwa ajali. Kujitetea, kwa mujibu wa kifungu cha 17, hupimwa kwa kanuni za sheria ya kimila ya Uingereza, na kanuni hizo, kama zilivyoelezwa katika kesi ya Palmer ya mwaka 1971 iliyotoka Jamaica, zinakubali kwamba mtu aliyevamiwa hawezi kupima nguvu zake kwa mizani ya duka la dhahabu. Kinachotakiwa ni kwamba alitumia nguvu zilizohitajika kwa busara katika hali aliyoiona. Mshtakiwa akishalileta jambo hili mezani, ni juu ya upande wa mashtaka kulivunja, wala si juu yake kulithibitisha.

Ulevi hauna bahati hiyo. Kifungu cha 13 hakiukubali kuwa kinga kwa jumla, ila kinaruhusu mahakama kuuangalia inapoamua kama mshtakiwa aliweza kuwa na nia ambayo bila hiyo kosa halipo. Uchokozi nao hufanya kazi kwa namna isiyotarajiwa. Katika mauaji, kifungu cha 207 kinaweza kulishusha kosa hadi kuua bila kukusudia. Katika madhara makubwa hakuna kosa la chini lililoandaliwa kwa aliyechokozwa. Hasira yake itasikilizwa tu anapoomba kupunguziwa adhabu.

Nani aliyetenda

Mashtaka mengi ya aina hii huanguka katika swali la tatu. Shambulio hutokea usiku, kwa haraka, na mara nyingi shahidi pekee ni yule aliyekatwa. Sheria ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi, lakini tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953 mahakama za eneo hili zimejionya dhidi ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu bila kuupima kwa uangalifu mkubwa. Huulizwa palikuwa na mwanga gani, taa au mwezi; ulitoka upande gani; walikuwa umbali gani; tukio lilichukua muda gani; na je, shahidi alimtaja mshtakiwa kwa jina alipotoa habari ya kwanza kwa jirani au polisi?

Hapa Kiswahili kina upungufu unaofaa kutazamwa. Mahakama hutofautisha kumwona mgeni na baadaye kumtambua, na kumtambua mtu unayemfahamu tangu zamani. Katika kesi ya Anjononi ya mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba aina ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu imesimama juu ya ufahamu wa awali. Kiingereza kina neno kwa kila aina. Shahidi wa Kiswahili husema "nilimtambua" kwa zote mbili, na asipoulizwa zaidi, rekodi huweza kuupa ushahidi wake nguvu usiyo nayo au kuunyima iliyo nayo.

Fomu ya P3

Kipengele cha kwanza, ukubwa wa madhara, hupitia katika karatasi ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina kuliko kwa yaliyomo. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo. Sehemu yake ya kwanza hujazwa na polisi, na inayofuata hujazwa na mhudumu wa afya aliyemchunguza majeruhi: majeraha yako wapi, yana umri gani wa saa au siku, yalitokana na kifaa butu au chenye makali, na yako katika ngazi gani. Ufafanuzi wa ngazi hizo umechapishwa papo hapo kwenye fomu, kwa Kiingereza, ili daktari achague.

Chaguo la daktari halimfungi hakimu. Daktari huueleza mwili. Kama hali ya mwili huo ni madhara makubwa kisheria ni swali la mahakama. Hata hivyo, fomu iliyojazwa wiki sita baada ya tukio, kovu likiwa limekwisha kufunga, huacha nafasi kubwa ya ubishi. Vipimo vikionyesha kwamba madhara hayakufika ngazi ya juu, kesi haifi. Kifungu cha 179 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai (Sura ya 75) kinamruhusu hakimu kumtia mshtakiwa hatiani kwa kosa dogo lililothibitishwa, hata kama halikuandikwa katika hati ya mashtaka.

Kukiri kwa Kiswahili

Yote yaliyotangulia huenda yasihitajike kamwe iwapo mshtakiwa atakiri. Hapo ndipo lugha inapochukua nafasi ya mashahidi wote. Kifungu cha 198 cha Sura ya 75 kinataja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha za mahakama za chini, na kinataka ushahidi ufasiriwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Katiba inampa mkalimani bila malipo. Lakini kanuni yenye meno zaidi ilitoka katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka na vipengele vyake vyote muhimu vifafanuliwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Kwamba jibu lake liandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe. Kwamba kiongozi wa mashtaka asimulie matukio, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza jambo. Akiongeza jambo linalotia shaka, kukiri kwake hufutwa na kesi huendelea kama kwamba amekana.

Maneno "kwa maneno yake mwenyewe" yana kina kuliko yanavyodhaniwa, kwani Kiswahili huficha mengi katika mnyambuliko wa kitenzi. Chukua mfano wa kubuni wa mtu anayeulizwa kama alimkata jirani yake, naye akajibu, "Tulipigana, akakatika mkono." Kiambishi cha kutendeana, -an-, kimewafanya wote wawili kuwa watendaji, na hapo suala la kujitetea limekwisha kuingia ukumbini. Kiambishi cha kutendeka, -ik-, kimemwondoa mkataji kabisa: mkono ulikatika, lakini hakusema nani aliukata. Mkalimani mchovu akimwambia hakimu kwamba mshtakiwa amekubali kumkata mlalamishi, ameondoa viambishi viwili na kuweka hatia mahali pake. Anayesema "kisu kilimpata" anadai ajali, au angalau anaielekea. Anayesema "alinichokoza nikampiga" amekubali tendo bila kukubali ukubwa wa madhara. Na kitenzi "kupiga" chenyewe, ambacho Waswahili hukitumia kwa kofi, kwa ngumi, kwa rungu na kwa risasi, mbali na simu, pasi na magoti, hakimwelezi hakimu chochote kuhusu ngazi ya kosa mpaka kiulizwe kilipigwa nini, kwa nini na mahali gani mwilini.

Hata "ni kweli" ina utata wake. Msemaji huweza kumaanisha kwamba ugomvi ulikuwepo, kwamba anamfahamu mlalamishi, kwamba siku iliyotajwa ni hiyo. Ndiyo maana karani anayesoma shtaka kwa mkupuo mmoja, mahali, tarehe, jina, tendo na uharamu wake, kisha akaomba jibu moja, amemuuliza mshtakiwa maswali matano na kumruhusu kujibu moja. Njia ya Adan ingevunja sentensi hiyo vipande: ulimpiga? Kwa kitu gani? Alikuwa anakufanyia nini wakati huo? Umesikia alivyovunjika, unakubali?

Rekodi ya mahakama isipoonyesha lugha iliyotumika, au ikionyesha kukiri kwa neno moja kwa kosa lenye kifungo cha maisha, mahakama ya rufaa huweza kukubatilisha kukiri huko. Wakati mwingine mfungwa huachiliwa, hasa akiwa ametumikia sehemu kubwa ya kifungo. Wakati mwingine huagizwa kesi isikilizwe upya, na mlalamishi huitwa tena kusimama kizimbani na kueleza jinsi alivyokatwa, miaka kadhaa baada ya kidonda kufunga.